Sauti Nne za Mume Wangu

Majina ya watu hayanipotei. Shule niliishia darasa la tatu, tena kwa vipande, maana kule kwetu Kilolo mvua zikikolea mto ulikuwa unatukatia njia. Lakini mtu akinitajia jina lake leo, nikikutana naye miaka mingi baadaye namwita, na namwuliza habari za mama yake kwa jina pia. Kwaya ya mume wangu nawataja wote, safu kwa safu, sauti ya kwanza mpaka ya nne, walio hai na waliotangulia. Humu lakini sitamtaja mtu hata mmoja. Nitasema mume wangu, nitasema mwanangu, nitasema mkamwana. Kunyamazia jina nimefundishwa uzeeni, na aliyenifundisha ni huyo mkamwana, mke wa kitinda mimba wangu, tunayeishi naye hapa Iringa kwenye njia ya kwenda Tosamaganga.

Mume wangu mchana alikuwa fundi mwashi, jioni mwalimu wa kwaya usharikani kwetu. Waimbaji wake walikuwa wakulima na wafanyabiashara wadogo, na kuwapata wote pamoja ilikuwa kazi. Zamani alipanda baiskeli akamfuata kila mtu kwake, akamwimbia sauti yake mlangoni, akaenda kwa mwingine. Magoti yalipochoka akapata kinasa sauti, halafu simu, akabuni njia yake. Anaimba sauti ya kwanza peke yake, nyembamba, kama mwanamke mwenye mafua. Akimaliza anaanza upya kwa sauti ya pili, halafu ya tatu, halafu ile ya nne ya chini, ambayo ndiyo ilikuwa yake. Kila sauti mbali, ili mwenye sauti hiyo ajifunze nyumbani. Na kila mwisho wa mstari anasema, "Pumueni." Hivyo tu, kana kwamba wamesimama mbele yake. Mimi nikiwa uani nasikia mtu mzima amejifungia chumbani, anaimba kike, anawaambia watu wasiokuwepo wapumue. Nilikuwa nacheka peke yangu mpaka maharage yanaungua.

Nyimbo zilipokuwa nyingi, kitinda mimba akamnunulia diski. Vijana wanaiita eksteno. Ni kadude keusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, kana waya mfupi kama mkia wa panya. Humo ndimo zilimoingia nyimbo zote, kila wimbo mara nne.

Ugonjwa ulimkuta ana wimbo mpya. Alikuwa ameutunga mwenyewe, akarekodi sauti zote nne, akanitania kwamba huu atawafundisha mvua zikikatika. Hazikukatika akiwa hai. Tulimzika kwenye tope. Kwa hiyo wimbo ule ulibaki vipande vinne, hakuna aliyeusikia ukiwa mzima, hata yeye aliyeutunga hakuwahi. Hilo lilinikaa rohoni kuliko hata kitanda kitupu. Mtu anajenga nyumba, anamaliza kuta nne, kila ukuta kwenye kiwanja chake.

Baada ya matanga mwanangu wa kwanza akaondoka na diski kwenda Mbeya, anakofanya kazi. Alisema kule kuna studio, wataziunganisha sauti, atatuletea. Sikumkatalia. Lakini mvua zikaendelea, mahindi yakabeba, na kila nikipiga simu jibu ni muda, mama, muda. Mwanangu si mtu mbaya. Baiskeli ya baba yake iko Mbeya, redio ya mbao iko Mbeya, koti la harusi liko Mbeya. Havikupotea, vipo, vimefutwa vumbi. Ila viko Mbeya.

Nikapanda basi nikamfuata. Nilimkuta kwake Uyole, wakanipa chai na ndizi, tukaongea habari za mazao kwanza, ndipo nikasema.

"Baba," nikamwambia, maana yeye amebeba jina la baba yangu na sijawahi kumwita vingine, "nimekuja kuchukua diski."

"Mama, diski iko salama. Iko kabatini."

"Hata aliyekufa yuko salama. Mimi nataka isikike."

Akacheka kidogo, akakuna kichwa. "Kitu kile hakipendi kubebwabebwa. Kikidondoka mara moja, basi, baba haimbi tena. Na kikikaa kwako wewe, mimi nitasikia vipi? Mdogo wangu je? Wale wazee wa kwaya? Kila mtu aje na kompyuta yake achomeke?"

"Zamani mtu aliyekuwa na moto ndani hakuuhamisha. Majirani walikuja na kigae, wakachukua kaa, moto ukabaki pale pale."

Kijiko chake kikasimama ndani ya kikombe. Nikajua kuna kitu anakijua na hataki kukisema kwa sababu kitamshinda mwenyewe. Mwanangu huyu tangu mdogo hawezi kuficha.

"Ipo njia," akasema mwishowe. "Ile ruta niliyokufungia."

Ruta alinifungia yeye, mwaka uliotangulia, ili akipiga simu anione uso. Kisanduku cheupe kina pembe mbili, kimekaa juu ya kabati la vyombo sebuleni.

"Nyuma ina tundu," akasema. "Ukichomeka diski kwenye lile tundu, kila simu iliyoko kwenye waifai ya nyumba inaiona. Watu kumi wanaweza kusikiliza pamoja, kila mtu wimbo wake, na diski haijasogea. Tena haili bando. Ni mambo ya ndani ya nyumba, hayatoki nje."

"Haili bando?"

"Haili."

"Basi kailete."

Aliileta, lakini aliishikilia kwanza. "Sikiliza, mama. Nitakuja kwenye kujengea kaburi. Siku hiyo nataka nikae uani kwako, nifungue simu yangu, nimsikie baba. Na iwe imefungwa kwa neno la siri, asije mtoto wa jirani akafuta. Nikikuta hivyo, inabaki kwako mpaka mwisho. Nikikuta haifanyi kazi, narudi nayo Mbeya, na hutaiomba tena."

"Nimesikia, baba."

Nikaifunga kwenye kanga, kanga nikaifunga tumboni. Makambako basi liliposimama, kondakta akaniangalia nilivyoshika tumbo kwa mikono miwili.

"Bibi, umebeba nini hapo? Hela?"

"Nimebeba mume."

Watu wakacheka basi zima, na mimi nikacheka, lakini mikono sikuitoa.

Nyumbani nilimkuta mkamwana anachambua mchicha. Huyu binti ni Mnyakyusa, ametoka milimani Rungwe, juu ya Tukuyu. Anauza vitambaa sokoni, na simu anaijua kama mimi ninavyojua jungu langu. Lazima nieleze kidogo habari zake, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Kwao mwanamke hamkaribii baba mkwe. Wakikutana njiani anapisha porini. Haketi alipo, hali alipo, na jina lake halitamki, si akiwa hai wala akifa. Siku hizi wengi wameacha, wanasema ni mambo ya kale. Yeye alilelewa na bibi yake, hakuacha. Miaka yote aliyoishi hapa, mume wangu akiingia sebuleni yeye anatokea mlango wa jikoni. Mume wangu, Mhehe wa watu, mwanzoni alidhani amemkosea. Baadaye akazoea, akawa anakohoa kabla ya kuingia ili mtoto wa watu apate nafasi ya kuondoka. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso hata nikasema walionana. Ila jioni mume wangu akiimba chumbani, mkamwana alikuwa amekaa jikoni nyuma ya ukuta, anasikiliza. Alimjua kwa sauti tu. Pengine alizijua zile sauti nne kuliko waimbaji wenyewe.

Tuliichomeka diski jioni ile ile. Ikawa inalia tik, tik, tik, kama kuku anadonoa bati, na kwenye simu hakuna kitu.

"Haina nguvu, mama," akasema. "Ruta haiwezi kuibeba."

"Hata mimi nikiwa na njaa nalia hivyo."

Akampigia shemeji yake Mbeya, wakaongea, kesho yake akaniletea waya mwingine wenye umeme wake wa ukutani. Tukachomeka tena. Safari hii ikanguruma taratibu ndani kwa ndani, kama paka. Akaniita niangalie kwenye simu: kijumba cha njano, ndani yake vijumba vingine, na kila kijumba kina jina la wimbo. Nikasoma kimoja kimoja kwa kidole. Nikaona na wa mwisho, ule mpya. Akataka kuufungua, nikamzuia.

"Huo siku ya kaburi. Zote nne pamoja."

"Mama, hata kujaribu?"

"Hata kujaribu."

Visa havikukosekana. Kwanza niliifunika kitambaa changu cha kufuma, kama nilivyofunika redio na televisheni na thermosi, kwa kuwa kitu cha thamani hakikai uchi sebuleni. Ikachemka, ikazimika, nikaambiwa nifunue. Nikafunua nusu. Halafu zile radi za mwisho wa masika zikaja. Hapa kwetu radi ikipiga, mtu mwenye akili anachomoa kila kilichochomekwa, anageuza kioo, anakaa chini. Nikachomoa. Mwanangu akanipigia simu akiwa na hasira, kumbe mkamwana amemwambia.

"Mama, diski haichomolewi hivyo ikiwa inafanya kazi. Inaagwa kwanza."

"Radi inaaga?"

Lakini mkamwana alinionyesha pa kugusa kwenye simu ili diski ilale, ndipo nichomoe, na nikajifunza. Nililirudia jambo hilo moja kila jioni, washa, laza, chomoa, chomeka, mpaka kidole kikajua njia chenyewe kama kinavyojua kufuma. Sikuwa tayari kushindwa na kipande cha sabuni.

Likabaki neno la siri. Mkamwana akaniuliza tuweke nini. Mimi sikufikiri hata kidogo. Nikasema tuweke jina la mume wangu, maana watoto wake wote watalikumbuka, na mimi nikizeeka nikasahau vyote, hilo sitalisahau. Akanipa simu.

"Andika mwenyewe, mama."

Nilidhani anataka nijifunze. Nikaandika herufi moja moja, na kila niliyoandika ikageuka nukta nyeusi. Nikaipenda hiyo, jina linaingia na kujificha. Ikadai niandike mara ya pili, nikaandika. Yeye muda wote alikuwa anaangalia dirishani, kwenye mibuni ya jirani. Na simu yake ilipodai neno hilo, alinipa tena niandike mimi. Hata hapo sikushtuka. Jambo unaloishi nalo nyumba moja, mwisho hulioni.

Kaburi lilijengewa kipindi cha baridi, mahindi yamekwisha kuvunwa, ile baridi ya Iringa inayofanya wanaume wazima watembee na mablanketi. Mume wangu yuko pembeni ya shamba, nyuma ya nyumba. Wanawake walikuja tangu alfajiri kupika, mafundi wakaja na saruji. Kitinda mimba alikuwa njiani na lori, anatoka Ruaha Mbuyuni, ameahidi kuleta vitunguu vya pilau na nyanya. Mimi niliacha kila kitu nikaenda kusimama na mafundi. Hawa vijana ukiwaacha wanakuandikia jina la mtu vibaya, na saruji ikikauka ndiyo basi, unaitwa hivyo milele. Mmoja alikuwa anaandika kwa msumari kwenye saruji mbichi. Nikamsimamia kila herufi. Mume wangu aliandika majina ya watu kwenye makaburi mengi ya usharika huu, hakuwahi kukosea.

Niliporudi uani miguu ina saruji, nikaona mambo yamebadilika. Wanawake wa kwenye masufuria wamenyamaza, wanakoroga bila kuangaliana. Mwanangu wa kwanza alikuwa amefika kutoka Mbeya, amesimama mlangoni na begi begani. Nikachungulia sebuleni: juu ya kabati ruta iko peke yake, kitambaa changu kimeanguka chini. Mkamwana alikuwa jikoni anakata kabichi, anakata nyembamba mno, nyembamba kuliko inavyohitajika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umefika salama. Begini kuna nini?"

"Diski. Tulikubaliana."

"Simu yako haikuiona?"

"Imeiona. Inadai neno la siri. Nimemwuliza shemeji vizuri, kwa heshima. Mara ya kwanza kanyamaza. Mara ya pili kanyamaza. Nikamwambia, shemeji, kama wewe na mdogo wangu mmeamua hii diski ni yenu, semeni tu, mimi ni mtu mzima. Unajua kanijibu nini?"

"Kakujibu nini?"

Akashusha sauti, lakini mwiko wa mwanamke mmoja ukasimama kwenye sufuria.

"Kaniambia niende kaburini."

Jikoni kisu nacho kikasimama. Ndipo likaniingia. Nikaona dirisha na mibuni ya jirani, nikaona anavyonipa simu mimi niandike. Nilitaka kucheka na nilitaka kukaa chini, vyote kwa pamoja. Sikufanya hata kimoja. Diski ilikuwa begini, na begi lilikuwa limefungwa.

"Basi twende," nikasema.

"Wapi?"

"Umeambiwa uende kaburini. Twende."

"Mama, mimi sitaki mzaha siku kama ya leo."

"Hata mimi sitaki. Tembea."

Nikamshika mkono kama nilivyomshika akienda kuandikishwa shule, na yeye ana mvi. Tukapita kati ya mabua ya mahindi mpaka kwa baba yake. Fundi alikuwa ameinama anamalizia mwaka wa kuzaliwa. Nikamwomba asogee.

"Soma," nikamwambia mwanangu.

Akaniangalia, akasoma jina la baba yake kwa sauti.

"Hilo ndilo neno la siri. Herufi zote ndogo."

Fundi akajifanya anaosha mwiko wake. Upepo ulikuwa baridi, nikajifunga kanga vizuri nikamsubiri.

"Kwa nini hakunitajia tu?" akasema mwishowe, lakini taratibu, hana tena hasira.

"Unaishi Mbeya. Umezungukwa na Wanyakyusa asubuhi mpaka jioni. Unaniuliza mimi?"

Akageuka akaangalia moshi wa jikoni. Kisha akasema, "Baba mkwe."

"Baba mkwe. Amekaa nyumba hii miaka yote hajawahi kulitamka. Mimi bibi mjinga nikalifanya ufunguo wa mlango anaoulinda yeye. Hakunikatalia kwa heshima yangu, hakukutajia kwa heshima ya baba yako. Akakuonyesha mahali lilipoandikwa. Angefanya nini tena?"

"Mimi nilidhani ananitukana."

"Ulidhani anakuibia. Kutukanwa kulikuja baadaye."

Hilo halikumpendeza, lakini alilimeza. Turudi, akasema, na safari hii yeye ndiye aliyenishika mkono mimi. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa jikoni, akasimama nje, hakuingia.

"Shemeji, nimekosa. Nisamehe."

Mkamwana hakuinua uso. "Ndaga, shemeji," akasema, yaani ahsante kwa kwao, akaendelea na kabichi. Lakini sasa alikata vipande vya kawaida.

Mwanangu akafungua begi, akachomeka. Taa ikawaka, ikazima. Diski ikaanza ule mlio wa zamani, tik, tik. Nikamwona uso umembadilika rangi, maana aliichomoa kwa hasira, bila kuilaza, na yeye ndiye aliyekuwa ananifokea mimi kwa hilo. Akajaribu tena, mlio ule ule. Kitinda mimba akawa ameingia na lori, akaja mbio na harufu ya vitunguu, akauliza kuna nini.

"Umechomeka na ule waya wa ukutani?" nikauliza.

"Waya gani?"

Ulikuwa umeanguka nyuma ya kabati na kitambaa changu. Nikapiga magoti, nikauvuta, nikachomeka kwa mkono wangu. Nikamwambia azime ruta, ahesabu pumzi kidogo, awashe. Tukasimama sote tunaangalia ile taa ndogo kama watu wanaosubiri uji uchemke. Diski ikanguruma ndani kwa ndani, kama paka. Mwanangu akaandika jina la baba yake kwenye simu, nukta nyeusi kwa nukta nyeusi, na kijumba cha njano kikafunguka.

Mchungaji alikuja, ibada ikafanyika kaburini, watu wakala. Ndipo nikaomba meza iwekwe katikati ya uani, na mabakuli manne matupu ya bati juu yake, maana simu ukiitia kwenye bakuli inapata kifua. Sauti ya kwanza nikampa kitinda mimba. Ya pili nikashika mimi kwa simu ya mkamwana. Ya tatu mwanangu wa kwanza. Ya nne nikampa mzee mmoja wa besi, rafiki wa mume wangu, ambaye waligombana kwayani maisha yao yote. Simu ile ilikuwa ya mjukuu wake, akaishika kama yai.

Mkamwana aliponipa simu yake alirudi jikoni. Hakufunga mlango. Niliona kivuli chake kinakaa chini, nyuma ya ukuta, pale pale pake pa zamani.

Nikasema moja, mbili, tatu, tukagusa. Lakini vidole vya watu wanne si kidole kimoja. Sauti ya kwanza ikaanza, ya pili ikafuata, ya tatu ikapotea, na besi ikaja mwisho kabisa ikiburuza miguu. Ikawa kelele. Watu wakatazama chini kwa huruma. Yule mzee akainua uso.

"Shemeji," akaniambia, "huyu bwana kanifokea maisha yake yote kwamba naingia nimechelewa. Leo nani kachelewa?"

Uani wote ukacheka, na kicheko kikatusaidia. Mwanangu wa kwanza akainama akaninong'oneza, "Mama, ukiona haitaki, tutapeleka studio. Si lazima leo."

"Ni leo," nikasema. "Rudisheni mwanzo."

Sijawahi kuongoza kwaya. Nilikuwa mpishi wa kwaya, mfua majoho wa kwaya. Lakini nimemwona mume wangu akisimama mbele ya watu tangu nikiwa binti, na najua hakuwa anahesabu kwa mdomo. Alikuwa anavuta pumzi kwanza, mabega yanapanda, na watu wote wanavuta naye. Nikainua mkono. Nikavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Wale watatu wakavuta pamoja nami, hata bila kujua, na niliposhusha mkono vidole vinne vikashuka.

Akaimba. Mtu mmoja, mara nne. Ile sauti nyembamba ya mafua juu, ile ya pili inatembea chini yake, ya tatu inajibu, na ile yake ya kweli, nzito, imewabeba wote kama msingi. Nilikuwa nimekwisha kuzisikia zote kupitia mlango wa chumba, moja moja, nikizicheka. Sikujua kwamba ile ya kike, ambayo ndiyo niliyoicheka zaidi, ilikuwa inafanya kazi ile. Mstari wa kwanza ukafika mwisho, na kwenye mabakuli manne, karibu kwa wakati mmoja, akasema:

"Pumueni."

Na watu wa uani mle, mchungaji, mafundi, wanawake wa masufuria, wote wakavuta pumzi. Nilizisikia. Hata jikoni nilisikia mtu anavuta.

Wimbo si mrefu. Ulipokwisha besi ilibaki nyuma kidogo, yule mzee akatikisa kichwa, machozi yanamtoka, anasema ona, ona, hata mwisho kachelewa.

Mwanangu aliondoka kesho yake kurudi Mbeya. Nilimfungia gunia la viazi, na begi lake alilifungua mwenyewe mbele yangu nione ni nguo tu.

"Radi zikianza, mama, usichomoe hovyo."

"Nitailaza kwanza. Halafu nitachomoa."

"Sawa."

Alipoondoka nikamwita mkamwana, nikamwambia aweke neno jipya la siri, alichague yeye, neno ambalo mdomo wake unaweza kulitamka mbele ya mtu yeyote. Alifikiri mpaka chai ikapoa. Halafu akaliandika, akaniambia ni nini, na nikaona limefaa.

Wazee wa kwaya wanakuja sasa, jioni wakitoka mashambani. Wanakaa uani na simu zao, kila mtu anachukua sauti yake, wanajifunza ule wimbo kidogo kidogo. Diski haijasogea juu ya kabati. Mwanangu naye akija kutoka Mbeya simu yake hudai neno jipya, na amekwisha kulisahau, kichwa chake hakishiki. Juzi kasimama mlangoni na begi begani ananiuliza mimi. Nalijua vizuri sana, lakini nikamwambia aende jikoni, abishe hodi, amwulize shemeji yake.